Mapacha Waliopishana Miaka Ishirini

Siku majibu ya figo yalipotoka, shemeji yangu Evarist alikuwa ameshamaliza mbuzi wawili, karibu peke yake, ndani ya siku kumi na moja. Sisemi kwa wivu. Mbuzi mmoja nilimtoa mimi mwenyewe, na maini nilimkaangia kwa mkono wangu huku nikimwambia, "Kula shemeji, kula, hiyo figo yako naisubiri."

Mume wangu Erasmus, ambaye hapa mtaani Kawajense wanamwita baba Agatha, alikaa na presha miaka mingi bila kumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini yeye aliumbuliwa na miguu. Ilivimba mpaka viatu vya kanisani vikamkataa. Daktari Ponsian alipompima alituita wote wawili, akafunga mlango, akasema figo za baba Agatha zimebakiza nguvu kidogo sana.

"Tusisubiri zife kabisa," alisema. "Tafuteni ndugu wa kumpa moja, mapema. Upasuaji ni Dodoma, lakini vipimo vya kwanza tutafanya hapa hapa Mpanda, tusije tukasafirisha mtu ambaye figo zake na yeye hazitoshi."

Ndugu tunao wengi, ila wenye damu inayolingana na yake walipatikana wawili tu: Evarist na Imakulata, kaka na dada yake, ambao ni mapacha. Wazee wa ukoo wakaja kutoka Mpimbwe na gunia la mchele, wakakaa uani kwangu kuamua nani atoe. Hawakumaliza hata nusu saa. Evarist ni mpakiaji kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Gunia ambalo vijana wawili wanalibeba wakigombana, yeye analipandisha kwenye lori huku anapiga mluzi. Imakulata, ukimwona kwa mbali, unaweza kudhani ni kanga imeanikwa.

"Figo itoke palipo na nyama," akasema baba mdogo, na kikao kikafungwa.

Basi ukoo ukaanza kumlisha Evarist. Kwetu mtu anayekwenda kutoa kiungo cha mwili haachwi aende hivi hivi. Asubuhi supu ya mbuzi, mchana maini, jioni nyama tena. Ndugu wa Ikola, kule ziwani, wakaleta dagaa na migebuka ya kukausha. Evarist hakukataa hata sahani moja, na ili chakula kisilale, akaongeza na magunia. Mpaka asubuhi ya siku ya kipimo alikuwa ameshapakia lori zima, akaja kutolewa damu jasho likimtiririka, anacheka.

Imakulata alienda njia nyingine. Tangu kabla ya kikao, mdogo wake alipogundulika anaumwa, alipiga magoti mbele ya Bikira Maria akaweka nadhiri kwamba hatakula nyama, samaki wala yai mpaka mdogo wake apone. Miezi miwili alikuwa akila ugali kwa mlenda, ugali kwa majani ya maboga, na siku ya sikukuu ugali kwa vyote viwili. Alizidi kukonda, lakini ulimi wake haukukonda hata kidogo.

"Mtazameni ng'ombe wetu wa sadaka," alikuwa akisema kila akimkuta Evarist mezani. "Kaka, ukifika Dodoma wakikupasua watakuta mbuzi amesimama humo ndani anawauliza mnataka nini."

"Na wewe wakikupasua watakuta mlenda," Evarist anajibu, mdomo umejaa.

"Mimi hawanipasui. Mimi niko kwenye benchi, namsubiri nani? Namsubiri mwenye mwili!"

Mimi ni mtaalamu wa maabara kwenye kituo hicho hicho alichopo Daktari Ponsian. Lakini sheria yetu ni moja, damu ya ndugu yako huigusi. Vipimo vya mashemeji zangu alivifanya mwenzangu Heri. Aliandika majina, umri na jinsi kutoka kwenye vitambulisho vyao, akaingiza damu kwenye mashine, mashine ikatoa karatasi mbili. Jumatatu mchana Daktari Ponsian akatusomea. Alieleza kwamba namba tunayoitafuta ni kasi ya figo kuchuja damu. Kijana mzima anakaribia mia, na umri ukienda inashuka. Akasema mtu aliye chini ya sitini Dodoma hawatapoteza muda naye.

"Imakulata, themanini," akasoma. Halafu akachukua karatasi ya pili. "Evarist, hamsini na nne."

Evarist akatabasamu kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Daktari akarudia. Yule mwanaume aliyejaa mlango mzima akakaa kwenye kiti cha wagonjwa taratibu, akatazama mikono yake, akauliza, "Kwa hiyo na mimi naumwa?"

"Inawezekana figo zako na zenyewe zimeanza kuchoka," daktari akasema. "Tutakufuatilia. Lakini kutoa, hapana."

Imakulata aliruka. Kwake ilikuwa neema na ushindi vyote pamoja. "Mbuzi wawili!" akasema. "Mbuzi wawili wamekufa bure, na mlenda umeshinda! Baba mdogo yuko wapi, nimwonyeshe palipo na nyama?" Njia nzima kurudi nyumbani alikuwa anaimba. Tiketi ya basi la Ijumaa kwenda Dodoma ikabadilishwa jina siku ile ile.

Na mimi, nisiseme uongo, nilifurahi. Nilimwonea huruma Evarist, ambaye alipitiliza kwenye mashine ya mpunga akakaa nyuma ya pumba bila kusema na mtu. Lakini mume wangu alikuwa amepata figo, na figo ni figo. Nilimwambia Erasmus habari hizo akiwa amelala na miguu juu ya mto.

"Ya Imakulata?" akauliza. "Mama Agatha, nihurumie. Hiyo figo itakuwa inanisema kutoka ndani."

Tulicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kwaresima.

Jumanne asubuhi nilichukua zile karatasi mbili ili nizipige nakala kwa ajili ya jalada la safari. Wote jana tulikuwa tumetazama namba kubwa ya chini. Mimi sasa, kwa mazoea ya kazi, nikaanza kusoma juu. Evarist, mwanaume, umri miaka sitini na nne. Imakulata, mwanamke, umri miaka arobaini na nne.

Nilicheka peke yangu mpaka Heri akachungulia dirishani. Mapacha, tumbo moja, siku moja, walibatizwa kwa maji yale yale, na kwenye karatasi wamepishana miaka ishirini!

Sababu zao nilizijua, ukoo mzima unazijua. Wakati wa kuandikisha vitambulisho vya taifa Evarist alijiongezea miaka minane ili afike haraka kwenye dirisha la wazee, pale wenye sitini na kuendelea wanapotibiwa bure. Kila akienda kutibiwa mgongo unamwona amepanga foleni na vikongwe, kifua kimempasua shati, anajilazimisha kukohoa. Imakulata yeye alipunguza kumi na miwili, kwa sababu mwaka ule ndipo alipoolewa na Zefania wa Kabungu, na Zefania ni mdogo kwake. Akahesabu, akajiweka mwaka mmoja chini ya mume. Sisi wengine tukakubaliana kwamba mbele ya Zefania Evarist ni kaka mkubwa, na neno mapacha halitajwi. Cheti cha ubatizo kilichopo parokiani, ambacho hakina mume wala foleni, kinasema wote wawili wana hamsini na sita.

Kisha kicheko kikanikauka mdomoni, kwa sababu kazi yangu ninaijua. Mashine haioni figo. Inapima kwenye damu takataka moja inayoitwa kreatinini, ambayo inatoka kwenye misuli na kwenye nyama unayokula. Figo nzima zinaitoa, zilizochoka zinaiacha ijae. Halafu kompyuta inachukua kipimo hicho, inaongeza umri wako na kama wewe ni mwanaume au mwanamke, inakisia figo zinachuja kiasi gani. Inakisia tu. Ukiidanganya umri, inakisia juu ya uongo wako. Ukiwa na misuli kama ya Evarist, na umekula mbuzi na kubeba magunia mpaka asubuhi ya kipimo, kreatinini inapanda na kompyuta inadhani figo zimekufa. Na ukiwa mwembamba kama Imakulata, hujagusa nyama miezi miwili, unaingiza kreatinini ndogo sana. Figo zako zinaweza kuwa zinachechemea na karatasi ikakusifia.

Nikaketi kwenye kompyuta nikarekebisha umri. Evarist akapanda kutoka hamsini na nne kufika hamsini na saba. Imakulata akashuka kutoka themanini hadi sabini na tano. Kusogea walisogea, ila hawakubadilishana upande. Uongo wa umri ulikuwa mdogo. Kilichonitisha ni nyama na mlenda, ambavyo havina mahali pa kuandikwa kwenye karatasi. Na nikakumbuka kitu kingine: kwa wiki kadhaa Imakulata alikuwa anakuja kwangu asubuhi amevimba chini ya macho, tukimuuliza anasema ni kusali rozari hadi usiku.

Hapo ilinipasa niinuke niende kwa Daktari Ponsian, mlango wa tatu kutoka kwangu. Sikuinuka. Nilipiga nakala zangu, nikazitia kwenye jalada, nikafunga. Nilijiambia kwamba Dodoma wana vipimo vikubwa, watajionea wenyewe. Nilijiambia tena kwamba pengine ni wasiwasi wangu tu. Ukweli ni kwamba mkononi nilikuwa na karatasi inayosema ndiyo, na nikienda kwa daktari ningebaki na mbili zinazosema hapana, na nyumbani nilikuwa na mume aliyevimba miguu. Jumanne ikaisha hivyo. Nilipika wali, sikuonja chumvi.

Jumatano mchana Imakulata akaja na mfuko wake wa safari nimwangalizie kama amekosea kufungasha. Kwenye kizingiti changu, ambacho kimo chake hakizidi unene wa kitabu cha nyimbo, alisimama akashika mlango, akavuta pumzi mara tatu ndipo akapanda. Akajifanya ni mfuko mzito. Ndani ya mfuko kulikuwa na kanga mbili, rozari, na sabuni.

"Nimeshaongea na Zefania," akasema, amekaa, anajipepea. "Nimemwambia nikifia huko Dodoma aoe. Ila sharti moja, asioe mdogo kuliko mimi. Mdogo kuliko mimi atamsumbua."

"Mdogo kuliko wewe kwa umri gani, wifi?" nikauliza. "Wa kanisani au wa kitambulisho?"

Alicheka, akanipiga begani. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ambayo si yake, "Wifi, unajua mimi ndiye niliyekuwa nambeba Erasmus mgongoni wakati mama yuko shambani. Alikuwa mzito huyo! Hii figo hata siioni kama nampa. Naona kama nambeba tena."

Nilianza kulia. Nikamwambia yote: umri, mbuzi, mlenda, macho yake ya asubuhi. Nikamwambia pengine mgonjwa ni yeye na mzima ni Evarist, na akitoa figo moja atabaki na nusu ya kitu kibovu, na Erasmus atapata nusu nyingine ya kibovu hicho hicho. Nilimwambia kila kitu isipokuwa tangu lini nilikuwa najua.

Aliacha kujipepea. Nilitegemea aulize kuhusu ugonjwa. Akauliza, "Sasa hizo hesabu za miaka, Zefania atazisikia?"

Siku ile ile tukawa mbele ya Daktari Ponsian. Hakutukemea, na ingekuwa afadhali angetukemea. Aliuliza swali moja moja na kuandika. Evarist ana miaka mingapi ya kweli? Amekula nini kabla ya kipimo? Amebeba magunia mangapi? Alipofika kwenye mbuzi wa pili akavua miwani.

"Nyie mlikuwa mnampeleka kutoa figo au kwenye mashindano?" akauliza.

Akaamuru hivi. Basi la Ijumaa liende bila sisi. Evarist akae siku nne bila nyama na bila gunia. Imakulata ale mlo wa kawaida, nyama au samaki kiasi. Baada ya hapo kila mmoja akusanye mkojo wake wote wa saa ishirini na nne kwenye dumu, alete pamoja na damu. Kwa njia hiyo tutaona figo zimetoa nini hasa, badala ya kukisia.

Tatizo likawa nadhiri. Imakulata akasema hawezi kumvunjia Bikira Maria ahadi kwa sababu ya dumu la mkojo. Tukaenda kwa paroko, mzee mmoja mkimya anayemjua Imakulata tangu kipaimara. Alisikiliza, akafikiri, akasema nadhiri inaweza kubadilishwa ikiwa na sababu nzuri, mradi badala yake iwe kitu kinachouma zaidi.

"Nyama haikuumi, nakujua," akamwambia. "Kula nyama. Funga ulimi. Usimtanie mtu yeyote mpaka majibu yatoke."

Kwa hakika nimeona watu wakifunga mengi, lakini sijaona mtu akiteseka kama Imakulata wiki ile. Fikiria Evarist ametulia nyumbani bila kazi, anakula ugali kwa mlenda kutoka kwenye sufuria ya dada yake, uso umekunjamana, na dada yake ameketi mbele yake na kipande cha kuku mkononi, haruhusiwi kusema kitu. Machozi yalimtoka. Evarist naye hakumhurumia hata kidogo.

"Dada, huu mlenda wako unateleza vizuri," anasema. "Mbona kimya? Huna la kusema?"

Imakulata anatafuna kuku, anatazama dari.

Siku ya madumu ilikuwa mbaya zaidi. La Imakulata lilikuwa dumu dogo la lita tatu, halikufika hata nusu. Evarist alichukua dumu la mafuta ya kula la lita tano, akaliosha, na kwa kuwa amezoea kunywa maji kama mtu anayepakia lori, likajaa hadi shingoni. Asubuhi akalifunga kwa kitenge, akapanda bodaboda amelipakata. Mpanda ni mji wa asali, na mtu akikuona umepakata dumu kwa upole namna ile anajua ni asali. Pale sokoni mama mmoja akamsimamisha akataka kuonja. Evarist akasema imeshanunuliwa. Yule mama akang'ang'ania aone rangi tu.

Alitusimulia hayo kwenye benchi la kituo, Zefania akiwa amemsindikiza mke wake, na Imakulata akajifunika uso kwa kanga yote, mabega yakitikisika. Hakusema neno. Naamini mbinguni kimya hicho kiliandikwa.

Safari hii pia sikugusa sampuli. Heri alifanya kazi, mimi nikafagia chumba ambacho kilikuwa kimeshafagiliwa. Alasiri Daktari Ponsian akatuita wote: mapacha, Zefania, na mimi. Akaanza na Evarist.

"Mia moja na mbili," akasema. "Hizi ni figo za mtu mzima kabisa. Mara ya kwanza tulipima mbuzi na magunia. Dodoma watakupima tena, lakini mimi nakutuma bila wasiwasi."

Evarist hakuruka wala hakujigamba. Aliinama akaficha uso kwenye viganja vyake vikubwa, na tukamsikia akivuta makamasi. Wiki nzima alikuwa amejiona mgonjwa, na zaidi ya kuumwa, alikuwa amejiona mtu aliyeshindwa kumsaidia mdogo wake.

Halafu daktari akamgeukia Imakulata, na akasogeza kiti. "Mama, wewe ni hamsini na moja. Na kwenye mkojo wako kuna protini, ambayo haipaswi kuwepo. Presha yako leo tumeipima mara mbili, iko juu. Njia aliyopita mdogo wako wewe unaianza. Lakini yeye tulimkuta mwishoni, wewe tumekukuta mwanzoni. Kuna dawa. Ukizimeza na ukaja kliniki, unaweza kuzeeka na figo zako mwenyewe."

Imakulata alitikisa kichwa kukubali, kama mtoto anayetumwa dukani. Daktari akavuta daftari jipya la kliniki, akaandika jina lake, akashika kalamu.

"Umri?"

Evarist akatazama viatu. Mimi nikatazama ukuta wenye picha ya moyo. Zefania alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mke wake, ameshika mkoba wa mkewe kwa mikono miwili.

"Andika wa kweli, mama," daktari akasema taratibu. "Dawa zinapimwa kwa huo."

"Hamsini na sita," Imakulata akasema. Hakugeuka nyuma. "Mimi na Evarist ni mapacha. Nisamehe, mume wangu. Nilikudanganya."

Zefania akakohoa. Ni mtu wa maneno machache, mkulima wa Kabungu, akiongea unasikia kila neno likipandwa. "Najua," akasema. "Krismasi ile ya kwanza tulipokwenda Mpimbwe, mama mkwe alinionyesha kitanda alichowazalia. Akaniambia wewe ulitoka wa kwanza, na ulitoka unapiga kelele."

"Miaka yote hiyo unajua?"

"Najua. Nilikuwa nasubiri uchoke kuwa mdogo wangu, mwenyewe uniambie." Akamwekea mkono begani. "Sasa sikia. Wewe ni mkubwa wangu, basi fanya kama wakubwa wanavyofanya, meza dawa."

Evarist akainua kichwa, macho mekundu. "Ima alitoka wa kwanza?" akauliza. "Mama aliniambia ni mimi!"

Daktari akamtazama juu ya miwani. "Na wewe, mzee wa sitini na nne, nenda kule mapokezi wakuandike upya. Kwenye dirisha la wazee tutaonana tena baada ya miaka minne."

Tuliwaacha wanaume ndani wanajaza fomu za Dodoma, mimi na wifi tukatoka tukakaa kwenye benchi la nje. Jua lilikuwa linateremka upande wa stesheni. Imakulata alikuwa na pakiti ya dawa zake mkononi, anaigeuza geuza. Majibu yalikuwa yametoka, nadhiri imeisha, ulimi uko huru, lakini alikuwa bado kimya, na kimya chake kilinitisha kuliko ile protini.

"Wifi," akasema hatimaye. "Zile karatasi. Ulikaa nazo muda gani kabla hujaniambia?"

Ningeweza kumdanganya. Ukoo ule ulikuwa umeshadanganya vya kutosha, kwenye daftari na kwenye kompyuta.

"Siku moja na nusu," nikasema. "Nilijua tangu Jumanne asubuhi. Nilikuwa nataka hiyo figo yako, wifi. Nilitaka uende nayo tu."

Sikuweza kumtazama. Nikasikia pakiti ya dawa ikitulia kwenye vidole vyake. Akanisogelea mpaka mfupa wa bega lake ukanichoma, na akashika mkono wangu.

"Mume wangu angekuwa ndiye amelala pale na miguu juu ya mto," akasema, "mimi ningekaa nazo wiki nzima. Na wewe ningekupakia kwenye basi mwenyewe, nikupungie mkono."

Nililia na kucheka pamoja, bila aibu, mbele ya watu wote waliokuwa wanasubiri dawa. Ndani tulimsikia Evarist anauliza kama Dodoma anaweza kwenda na nyama ya kukausha kidogo tu, ya njiani. Imakulata akafuta uso kwa ncha ya kanga, akainuka, akashika mlango, akavuta pumzi.

"Hebu nipishe, wifi," akasema. "Nina maneno ya wiki nzima ya kumwambia huyo mdogo wangu."